Hadithi Iliyorudishwa na Jarida Lililofuata

Katika Urusi ya miaka ya 1880, mtu aliyepeleka hadithi kwenye jarida la vichekesho hakujibiwa kwa faragha. Majarida hayo yalikuwa na safu ya sanduku la barua, na humo mhariri alimtangazia mwandishi kwamba kazi yake imekataliwa, mara nyingi kwa kejeli ili wasomaji wengine wapate kucheka. Anton Chekhov alionja safu hiyo akiwa na umri wa miaka 20, mwanafunzi wa udaktari jijini Moscow, mtoto wa mwenye duka aliyefilisika na kuwakimbia wadai. Jarida la Strekoza la St. Petersburg lilimchapishia kazi yake ya kwanza Machi 1880 kwa ujira wa kopeki 5 kila mstari. Kabla ya mwaka kwisha, jarida hilohilo lilimwambia mbele ya kadamnasi kwamba kipaji chake kinanyauka mapema. Wanaosimulia habari hii huishia kwenye sifa ya subira: mvumilivu hula mbivu, na Chekhov alivumilia. Nadhani maelezo hayo yanaupa moyo wa mtu sifa ya kazi iliyofanywa na kitu kingine. Tangu hadithi fupi ilipokuwa bidhaa ya majarida, waandishi wake waliweza kustahimili kukataliwa kwa sababu majarida yalikuwa mengi. Subira ilifaa pale tu palipokuwa na mahali pengine pa kupeleka.

Chekhov hakukaa kuibembeleza Strekoza. Mwaka 1881 jarida jipya, Zritel, lilianzishwa Moscow, naye akahamia huko. Mwaka uliofuata Nikolai Leikin alimkaribisha katika Oskolki ya St. Petersburg, kwa kopeki 8 kila mstari, ili mradi hadithi isizidi sana mistari mia. Wahakiki wengi wamelaani ufinyu huo, na kweli ulimbana. Lakini hadithi ya mistari mia huandikwa kwa kikao kimoja au viwili, kwa hiyo ikikataliwa mwandishi amepoteza jioni moja, hakupoteza mwaka. Ufupi wenyewe ulikuwa kinga yake. Ushahidi ulio wazi kuliko wote ni hadithi ya Prishibeyev, askari mstaafu anayewaamrisha wanakijiji kana kwamba bado yuko kazini. Mwaka 1885 mdhibiti aliizuia isitoke katika Oskolki. Oktoba mwaka huohuo ikatoka katika Peterburgskaya Gazeta, mji uleule, kwa jina jingine. Leo imo katika hadithi zake zinazojulikana zaidi. Mtu anayeamini kwamba kukataliwa ni hukumu juu ya thamani ya kazi atapata shida kuieleza Oktoba hiyo.

Marekani ilitoa ushahidi wa namna hiyo kwa kiwango kikubwa zaidi. Hadi 1891 wachapishaji wa huko waliweza kuchapa kazi za Waingereza bila kuwalipa; sheria ya hakimiliki ya mwaka huo ikaanza kuufunga mwanya huo, na mwandishi wa nyumbani akapata nafasi ya kushindana. Mwaka 1893 McClure's ilianzishwa kwa bei ya senti 15, na Munsey's ikashusha yake hadi senti 10. Wasomaji wakaongezeka, matangazo ya biashara yakafuata, na wahariri wakawa na kurasa za kujaza kila mwezi. Jack London aliporudi kutoka kwenye machimbo ya dhahabu ya Klondike mwaka 1898, huo ndio uwanja alioukuta. Aliweka daftari lililoonyesha kila mswada ulikopelekwa na uliporudishwa. Overland Monthly ya California ilimlipa dola 5 kwa hadithi iliyotoka Januari 1899, malipo ya kumkatisha mtu tamaa. Kilichomwokoa ni jarida la Boston, The Black Cat, lililomlipa dola 40 kwa hadithi nyingine. Januari 1900 Atlantic Monthly ilichapisha hadithi yake ndefu kwa dola 120. Baadaye London mwenyewe aliisimulia safari hii kama ushindi wa nia, na riwaya yake Martin Eden ya mwaka 1909 imewafundisha hivyo waandishi wa vizazi kadhaa. Lakini daftari lake ni shahidi bora kuliko riwaya yake: ni orodha ya majarida, na bila orodha hiyo nia ingekosa njia ya kupita.

Mtu anaweza kupinga kwamba tunawahesabu waliofaulu tu. F. Scott Fitzgerald alisimulia kwamba mwaka 1919, akifanya kazi ya matangazo New York, alibandika ukutani vikaratasi 122 vya kukataliwa, na Februari 1920 Saturday Evening Post ikachapisha hadithi yake kwa dola 400. Ni wangapi walibandika vikaratasi kama hivyo na hawakuchapishwa kamwe? Pingamizi hili ni la haki, na linapiga mahali hasa. Linaivunja hoja ya subira, kwa sababu waliosahaulika nao walivumilia. Hoja ya wingi wa majarida haiguswi, maana haimuahidi mtu yeyote ushindi. Inaeleza tu kwa nini baadhi waliupata.

Lipo pingamizi zito zaidi, kwamba mara nyingi mhariri alikuwa sahihi. Nalikubali. Mwaka 1899 Chekhov alipomuuzia mchapishaji Marks haki za kazi zake kwa rubli 75,000, alizipitia hadithi zake za ujana na kuzitupa nje nyingi, kwa ukali kuliko mhariri yeyote wa Strekoza. Lakini jicho hilo alilipata wapi? Alilipata kwa kuchapishwa na kukataliwa mara nyingi, chini ya wahariri mbalimbali, kila mmoja na makosa yake. Mwandishi mwenye mhariri mmoja tu hujifunza ladha ya mtu huyo, wala hawezi kujua lini ni kazi yake iliyo mbovu na lini ni ladha hiyo.

Kuna pia kukataliwa ambako hakuna uandishi bora unaoweza kukuponya. Samuel Delany, Mmarekani mweusi, ameandika kwamba mwaka 1967 riwaya yake Nova ilikataliwa na John W. Campbell wa jarida la Analog, kwa maelezo kwamba wasomaji wasingeweza kujiona katika shujaa mweusi. Kumwambia Delany aongeze bidii kungekuwa tusi. Alihitaji mchapishaji mwingine, na mwaka 1968 Doubleday ikaitoa.

Kisha majarida ya namna hiyo yakafa Marekani. Collier's ilitoa toleo lake la mwisho Januari 1957, na Saturday Evening Post ya zamani ikafungwa Februari 1969. Televisheni ilikuwa imewachukua watangazaji. Katika miaka hiyohiyo, 1957–58, East African Literature Bureau iliendesha shindano la hadithi za Kiswahili, na Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar akashinda kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichochapishwa 1960. Shindano hilo lilitupatia Bwana Msa, mpelelezi wa kitabu hicho, na nalishukuru kwa dhati. Lakini shindano lina jopo moja na siku moja ya hukumu. Aliyeshika nafasi ya pili au ya kumi alirudi na mswada wake katika nchi ambamo majarida ya kulipia hadithi za Kiswahili yalikuwa machache mno, na upungufu huo haukuwa wa moyo wake.