Amana ya Majina: Wajibu wa Mashirika juu ya Taarifa za Watu Mjini Dar es Salaam

Biashara ya Kariakoo, eneo lililopata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Kiingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, kwa sehemu kubwa imesimama juu ya kitu kisichopimwa kwa mizani. Maana mwenye duka la jumla wa Mtaa wa Kongo au wa Aggrey, anapomkabidhi mchuuzi marobota ya vitenge kwa mali kauli, hupokea kwake, badala ya fedha taslimu, maarifa mengi: jina la baba yake, nyumba anayopanga, ndugu watakaomdhamini, na pengine hata dhiki iliyomsukuma kukopa. Maarifa hayo ndiyo rehani. Na ada ya waungwana katika muamala huo, ijapokuwa haikuandikwa popote, ni kwamba mdai humwendea mdeni wake faraghani, kisha mdhamini aliyetajwa, wala hamtangazi kwa jirani, kwa wakwe, wala kwa waumini wa msikiti wake.

Ada hii ndiyo iliyovunjwa na baadhi ya wakopeshaji wa kwenye simu. Mtu aliyebanwa na ada ya shule au kodi ya fremu hupakua programu, naye huombwa airuhusu kusoma orodha yote ya majina iliyomo katika simu yake. Siku akichelewa kulipa, ujumbe wa kumfedhehesha huwafikia mwajiri, shemeji, na hata fundi aliyewahi kumtengenezea bomba, watu ambao hawakukopa, hawakudhamini, wala hawakuulizwa. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila leseni. Lakini watu wa mjini, wasiongoja tangazo, walikuwa wamekwisha kuiita mikopo ya kinyonyaji kausha damu.

Watetezi wa wakopeshaji hujibu kwamba mkopaji aliridhia mwenyewe kwa kidole chake. Mimi naiona hoja hiyo kuwa dhaifu, si kwa sababu ridhaa haina thamani, bali kwa sababu ridhaa ya mhitaji, iliyotolewa saa ya dhiki mbele ya masharti marefu asiyoyasoma, haiwezi kumhalalishia mpokeaji kila atakalo, na wala haiwezi kabisa kuwafunga wale wengine waliomo katika orodha. Mafakihi wa pwani wamefundisha siku zote kwamba aliyewekewa amana hana ruhusa ya kuitumia kinyume cha alivyoagizwa, na akiiharibu kwa taadi au taksiri, dhamana ni juu yake. Sioni kwa nini shirika lililokabidhiwa jina, namba na maradhi ya mtu lidaiwe uaminifu mdogo kuliko jirani aliyewekewa bangili.

Tena kuna taarifa ambazo hasara yake haina fidia. Tangu Mei 2019 laini za simu nchini zimesajiliwa kwa alama za vidole pamoja na namba ya kitambulisho cha NIDA. Na ilhali neno la siri likivuja hubadilishwa, kidole hakina badali. Hata taarifa za kawaida zina hatari yake: tapeli anayetuma ule ujumbe mashuhuri wa kutaka hela itumwe kwenye namba hii hubahatisha tu. Akiijua namba ya mtu pamoja na jina lake na la mwenye nyumba wake, habahatishi tena.

Wala hatari haimo katika simu peke yake. Katika majengo ya ofisi upande wa Posta, mgeni huandika jina, namba ya simu na aendako katika daftari lililo wazi, ambalo anayemfuata hulisoma akingoja kalamu. Kwa faida ya nani? Sijapata kusikia mlinzi akieleza madaftari yaliyojaa huenda wapi, na karatasi za ofisi zimekwisha kuonekana zikifungia karanga.

Ibara ya 16 ya Katiba yatambua haki ya mtu kuhifadhiwa maisha yake binafsi na mawasiliano yake. Lakini Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilikuja kutungwa mwaka 2022 tu, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ikazinduliwa tarehe 3 Aprili 2024. Sheria hiyo yawataka wakusanyaji na wachakataji wajisajili, wakusanye kwa kusudi bayana, wala wasizidishe haja. Si sheria kamili: Mei 2024 Mahakama Kuu iliona baadhi ya vifungu vyake havina mipaka ya kueleweka, ikataka virekebishwe.

Husemwa kwamba uangalifu huu ni gharama. Ni kweli, na suala la haki ni nani aibebe. Wakala wa fedha wa Msimbazi, aketiye chini ya mwavuli na daftari la miamala lenye majina, namba na viwango, hana kabati la kufuli wala mwanasheria. Kumtoza yeye faini ni kuonea. Kampuni ya simu ambayo muamala huo umekwisha kuandikwa katika mitambo yake ndiyo yenye uwezo wa kulifanya daftari lile lisihitajike, na hadi hapo itakapofanya hivyo, kulikusanya likijaa, kuliteketeza, na kumlipa wakala kwa taabu yake.