Salfa ya korosho Kibiti: ishike vizuri kabla haijakushika macho

Kuanzia mwezi wa sita, mikorosho ya Kibiti na Rufiji inapotoa majani machanga na maua, mashine za kupulizia huanza kunguruma alfajiri. Kazi ni kuzuia ubwiriunga, ule ukungu mweupe unaokausha maua kabla hayajawa korosho. Dawa inayotumika zaidi ni salfa ya unga, ile ya njano inayogawiwa kwa wakulima kupitia Bodi ya Korosho na AMCOS.

Ushauri wa miaka mingi ni robo kilo kwa mti mkubwa mmoja, kila baada ya siku 14, hadi mara nne au tano kwa msimu. Piga hesabu. Mwenye miti 100 anatumia kilo 25 kwa mzunguko mmoja, yaani kilo 125 kwa mizunguko mitano. Sasa kijana wa kibarua anayepulizia mashamba kumi ya namna hiyo anapitisha mbele ya uso wake zaidi ya tani moja ya unga kwa msimu mmoja. Huyo ndiye tunayemzungumzia hapa.

Ni sumu au si sumu?

Hapa ndipo watu wanapojichanganya. Shirika la Afya Duniani linaiweka salfa kwenye kundi la viuatilifu vyenye hatari ndogo. Si kama dawa za wadudu. Ndiyo maana utasikia mtu anasema, "Salfa haina neno, mimi napulizia na singlendi."

Lakini hatari ndogo maana yake ni kwamba haikuui haraka ukiimeza kidogo. Haimaanishi haikuumizi. Vumbi lake linawasha macho, pua, koo na ngozi, na likikutana na jasho linazidi. Wapuliziaji wengi wanaijua hali hiyo: mchana unajiona mzima, usiku macho yanachoma kama yamemwagiwa mchanga na usingizi haupatikani. Mwenye pumu anaweza kubanwa kifua palepale shambani. Huyo asipewe kazi hii hata kama ni mtoto wa nyumbani na anaiomba mwenyewe.

Kinachohitajika ni miwani ya kukinga macho inayoziba pembeni (ya jua haisaidii), barakoa ya vumbi iliyokaa vizuri usoni, glovu, gambuti, kofia na nguo ya mikono mirefu. Kipande cha kanga kilichofungwa puani kinazuia chembe kubwa tu. Zile ndogo, ambazo ndizo zinazofika ndani ya mapafu, zinapita. Kama hela inatosha kununua kitu kimoja kwanza, mimi ningeanza na miwani, maana macho ndiyo yanayolalamika mapema zaidi, halafu barakoa ifuate siku hiyohiyo.

Suruali ivaliwe juu ya gambuti, isichomekwe ndani, la sivyo unga unateremka na kukaa kwenye soksi siku nzima. Ukimaliza, oga kwa sabuni kabla ya kula, kabla ya kuvuta sigara na kabla ya kumbeba mtoto. Nguo za kazi zifuliwe peke yake. Mara nyingi anayefua ni mke au dada, na yeye hakupewa glovu wala hakuhudhuria mafunzo yoyote.

Upepo nao una kanuni yake. Pulizia alfajiri, umande ukiwa bado kwenye majani ili unga ushike, na upepo ukiwa umetulia. Upepo uwe mgongoni. Ukiona wingu la njano linaelekea nyumba ya jirani au njia ya watoto wa shule, zima mashine usubiri. Shamba lililopuliziwa watu wasiingie kupalilia siku hiyohiyo.

Moto: jambo linalosahaulika

Salfa inawaka. Tena unga wake ukitawanyika hewani ndani ya chumba kilichofungwa unaweza kulipuka kwa cheche moja. Inayeyuka kwenye nyuzi joto 115 hivi, na ikiungua hutoa hewa chungu inayokaba koo, ambayo kwa kweli ni hatari kuliko unga wenyewe.

Sasa angalia inavyohifadhiwa. Mfuko uko chini ya kitanda kwa kuogopa wezi. Kibatari kiko hapohapo, au jiko la mkaa limesogezwa ndani kwa sababu ya mvua. Pembeni kuna dumu la petroli la mashine. Nyumba ya makuti ikishika moto hivyo, hakuna wa kuingia kuokoa kitu.

Mfuko ukae kwenye banda lake, pakavu, penye kufuli, juu ya mbao, mbali na chakula na mbali na mafuta. Mashine zimwa na ipoe kabla ya kuongeza petroli. Asiwepo anayevuta sigara karibu. Wanaovusha mizigo kwa boti kutoka Nyamisati kwenda visiwa vya delta wasiweke salfa pamoja na petroli, wala juu ya magunia ya mchele. Ikitokea imeshika moto, kaa upande upepo unakotoka, na usijifanye shujaa ndani ya moshi.

Mfuko mtupu, tafadhali, usiwekee mpunga. Hata ukiufua mara tatu.

Dawa za maji ni habari nyingine

Kuna wanaotumia dawa za maji dhidi ya ubwiriunga, na kuna za kuua wadudu kama mbu wa mikorosho. Hizi zinaingia mwilini kupitia ngozi, na barakoa ya vumbi haitoshi kuzuia mvuke wake. Inatakiwa yenye kichujio cha kemikali. Usichanganye kwa mkono. Nozo ikiziba usiipulize kwa mdomo, tumia maji na brashi laini.

Soma rangi iliyo chini ya lebo: nyekundu ni hatari kubwa kabisa, kisha njano, buluu, na kijani ndiyo ya chini. Ukiuziwa dawa iliyomiminwa kwenye chupa ya soda bila lebo, iache dukani. Hujui kilichomo, na daktari naye hatajua. Kiuatilifu halali kinatakiwa kiwe kimesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020.

Kwa watu wa delta kuna la ziada. Dawa nyingi za wadudu za jamii ya pareto ya viwandani zina sumu kali sana kwa samaki na kamba, hata zikiwa kidogo. Bomba likioshwa mtoni, maji yale yanakwenda kwenye mikoko ambako kamba wadogo wanakulia. Oshea shambani, maji ya kuoshea yamwagwe kwenye miti uliyokuwa unapulizia. Na kuvua kwa sumu ni kosa chini ya Sheria ya Uvuvi ya 2003.

Nani anawajibika?

Ukimlipa mtu akupulizie, wewe ni mwajiri, hata kama mmekubaliana kwa mdomo chini ya mwembe. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya 2003, inayosimamiwa na OSHA, inamtaka mwajiri atoe vifaa kinga na maelekezo. "Njoo na barakoa yako" si jibu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kumpa aliye chini ya miaka 18 kazi ya hatari, kwa hiyo mwanafunzi wa sekondari aliye likizo asikabidhiwe mashine.

Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulianza kazi 2015, lakini kibarua wa korosho asiye na mkataba ana njia ndefu kuufikia. Ndiyo maana mafunzo kabla ya msimu yana uzito. Mahali pa kuyadai ni mkutano wa AMCOS, siku pembejeo zinapogawiwa, afisa ugani akiwepo: nusu saa ya kuonyesha namna ya kuvaa, kujaza na kuosha mashine, na waalikwe vibarua wenyewe, si wenye mashamba tu.

Ukidhurika

Macho: osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 bila kuyasugua. Ngozi: vua nguo, oga kwa sabuni na maji mengi. Kifua kikibana: toka kwenye vumbi, kaa wima penye hewa, na usipopata nafuu haraka nenda kituo cha afya.

Aliyemeza dawa asitapishwe, wala asipewe maziwa au mafuta. Mtu akianza kutoa mate na jasho jingi, mboni za macho zikawa ndogo na misuli ikacheza, hiyo ni dalili ya sumu ya wadudu na dakika zinahesabika. Mpeleke hospitali, Kibiti, Mchukwi au iliyo karibu, na ubebe lebo au chupa yenyewe, imefungwa ndani ya mfuko, umkabidhi daktari.