Pampu ya tangi la samaki ikigoma: mambo ya kutazama kabla hujanunua nyingine

Msimu wa kaskazi uliopita, stima ilipotea mtaani kwetu baada ya isha na ikarudi usiku wa manane. Nilisikia pangaboi likianza kuzunguka, nikageuka upande wa pili nikalala. Nilipoamka alfajiri nikapita ukumbini, kilichonishtua ni kimya. Tangi langu la samaki wa baharini, ambalo huvuma kidogo usiku na mchana, lilikuwa halitoi sauti. Taa zinawaka, pampu haifanyi kazi. Kitatange tuliyekaa naye miaka sita alikuwa amelala ubavu juu ya mchanga. Binti yangu alipotoka chumbani nilikuwa nishamfunika kwa kitambaa, lakini alijua.

Fundi niliyemwita asubuhi ile aliniambia ninunue pampu mpya. Nikanunua, sikuwa na la kufanya. Wiki mbili baadaye nikaifungua ile ya zamani kwa udadisi tu, nikakuta chokaa imeikamata rota. Niliiloweka ndani ya siki, na mpaka leo inafanya kazi. Kwa hivyo haya ninayoyaandika nimeyalipia. Wapo baadhi yenu wenye tangi kama hili nyumbani, au mnalitunza la mwajiri. Yahifadhini, yatawafaa siku moja.

Pampu yenyewe na kazi yake

Tangi la matumbawe aghalabu huwa ni mawili. Maji hufurika kutoka tangi la juu, yakashuka kwa bomba hadi tangi dogo lililo kabatini, ambako kuna chujio na chombo cha kutoa uchafu kwa povu. Pampu ya kurudisha ndiyo huyapandisha tena juu. Ikisimama, maji ya juu hayachujwi wala hayapati hewa ya kutosha. Maji ya moto hubeba oksijeni kidogo kuliko ya baridi, na ya chumvi kidogo kuliko matamu. Kwetu pwani, ambako maji ndani ya nyumba hupata joto bila ya kupashwa, samaki hana saa nyingi za kusubiri.

Pampu nyingi za aina hii si kitu kigumu. Waya zake zimefungwa ndani ya plastiki, na kinachozunguka ni kimoja tu: rota, yaani kipande cha sumaku chenye mapanga madogo, kilichovikwa kwenye shafti nyembamba ya kauri.

Kwanza usalama

Usitie mkono majini kabla ya kuchomoa plagi ukutani. Kuzima swichi peke yake hakutoshi. Maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri sana. Ukihisi kidole kinatekenywa unapogusa maji, pampu hiyo au kifaa kingine mle ndani kinavuja umeme. Chomoa vyote, na kinachovuja ukitupe. Usijaribu kukiziba kwa gundi. Waya nao uache uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda kwenye plagi, ili tone likiteremka lianguke sakafuni. Mwambie fundi wa stima akufungie ile swichi inayokata umeme ukivuja. Gharama yake ni ndogo mbele ya maisha ya mtoto.

Haizunguki wala haivumi

Anza na umeme. Chomeka chaja ya simu kwenye soketi ileile. Kama inachaji, fungua plagi ya pampu utazame fyuzi, kisha tazama meno yake: chumvi huleta ukungu mweupe au kijani unaozuia umeme kupita. Kama pampu yako inatumia adapta, angalia kama taa yake inawaka. Mara nyingine adapta ndiyo imekufa na pampu ni nzima. Baadhi ya pampu za adapta hujizima zenyewe rota ikikwama, kwa hivyo usiihukumu kabla hujaifungua na kuisafisha.

Inavuma lakini maji hayapandi

Hili ndilo lililonipata mimi. Rota imekwama. Huenda ni konokono mdogo, mwani, chembe ya mchanga au chokaa iliyojijenga taratibu. Pampu ikiwa inazunguka, huendelea hivyohivyo kwa nguvu ya mwendo. Ikisimama kwa sababu stima imepotea, haina tena nguvu ya kuanza. Ndiyo maana pampu nyingi hufa stima inaporudi, si inapopotea.

Fungua kifuniko cha mbele uvute rota polepole na kwa kunyooka. Sumaku itaishika, lakini usiipinde, maana shafti ya kauri huvunjika kama chaki. Changanya siki nyeupe na maji, nusu kwa nusu, uloweke vipande hivyo saa moja au mpaka mapovu yaishe. Sugua kwa mswaki mkuukuu, hata ndani ya tundu. Suuza kwa maji mengi na usitumie sabuni kamwe. Ijaribu kwanza ndani ya ndoo ya maji kabla ya kuirudisha.

Wakati iko mkononi, ikague. Shafti yenye ufa haifai. Sumaku iliyovimba au yenye kutu haifai pia, kwani kutu hiyo huingiza madini majini na matumbawe hayaistahimili. Kampuni nyingi huuza rota peke yake. Iulizie dukani kabla hujauziwa pampu nzima.

Maji yanapanda kidogo

Tazama kichungi cha mdomoni, bomba lililojikunja, vali iliyofungwa nusu, na uchafu ulioota ndani ya bomba. Kumbuka pia kwamba kipimo kilichoandikwa kwenye boksi ni cha pampu isiyopandisha maji popote. Kila unapoongeza urefu wa kupanda, maji hupungua. Ukifika urefu wa mwisho ulioandikwa, hayatoki kabisa.

Pima mwenyewe kwa ndoo na saa. Ikijaza lita 10 kwa sekunde 30, hizo ni lita 1,200 kwa saa. Iandike tarakimu hiyo kwenye mlango wa kabati siku pampu ikiwa safi, halafu ulinganishe kila mwezi.

Kelele na mapovu

Mara nyingi maji ya tangi la chini yamepungua na pampu inavuta hewa. Maji yanayokauka kwa joto hupungua chini, wala si juu, kwa hivyo ukitazama tangi la juu peke yake hutajua. Ongeza maji matamu yaliyochujwa, kwa sababu chumvi haiondoki na mvuke. Maji ya visima vyetu vingi yana chumvichumvi na mengineyo, usiyatumie. Kama maji yanatosha na bado unasikia kusaga, shafti imelika.

Pampu ikifa usiku

Chota maji kwa jagi uyamimine kutoka juu, mara kwa mara. Hilo peke yake huingiza hewa. Kipampu cha hewa cha betri kikiwapo ni bora zaidi. Usilishe samaki. Joto likizidi, elekeza maji chupa iliyofungwa yenye barafu, usitupe barafu yenyewe ndani. Kama tangi la chini limetulia muda mrefu na linanuka yai bovu, mwaga maji hayo uweke mapya ya chumvi kabla ya kuwasha pampu.

Jambo jingine: siku moja ukiwa nyumbani, zima pampu kwa makusudi. Maji yatarudi chini kupitia bomba la kupandishia. Kama kabati linafurika, punguza maji ya tangi la chini, au toboa tundu dogo kwenye bomba hilo chini kidogo ya uso wa maji ya juu ili liingize hewa na kukata mvuto. Vali ya njia moja usiitegemee peke yake, huziba.

Mimi sasa naosha pampu kwa siki kila miezi mitatu, na ile ya zamani iko kabatini kama akiba. Ukishamtoa kiumbe baharini ukamtia ndani ya kioo, pumzi yake iko mikononi mwako, na hiyo ni amana. Kwa hivyo stima ikirudi usiku, usigeuke upande wa pili. Inuka ukatazame.