Ramani Iliyotuma Boda

Mwaka 2003 nilikuwa nauza dakika. Ndiyo ilikuwa kazi yangu katika saiba moja karibu na Uganda Road, Eldoret: mteja anaingia, namwandikia saa, anafungua barua pepe, anangoja, anangoja tena, kisha analipia hiyo ngoja-ngoja yake. Kebo ya SEACOM ilikuwa bado miaka sita ifike Mombasa.

Mwenye saiba alikuwa amewahi kufundisha hesabu, kwa hivyo sote tulimwita Mwalimu. Usiku, wateja wakiisha, alinifundisha kutengeneza tovuti.

Kwa msomaji aliyezaliwa juzi: ukurasa wa enzi hizo ulikatwa vipande vilivyoitwa fremu. Netscape ndio walioleta mtindo huo katika Navigator 2, mwaka 1996. Kila fremu ilikuwa ukurasa kamili wenye jina lake, kama vyumba vya ploti moja: geti ni moja, wapangaji mbalimbali. Ukibadilisha fremu ya chini, ya juu haiguswi. Kwetu sisi wa laini za kobe hilo halikuwa urembo, lilikuwa pesa. Ramani nzito ilishuka mara moja tu, halafu maneno mepesi ndiyo yaliyokuja na kuondoka.

Flash nayo ilitokea mwaka huohuo wa 1996 ikiitwa FutureSplash Animator, kabla Macromedia hawajainunua na kuibadilisha jina. Wengi wanaikumbuka kwa katuni na gemu. Mimi naikumbuka kwa uziwi. Ilikaa ndani ya ukurasa lakini haikuwa ya ukurasa. Ilikuwa programu mgeni iliyopewa dirisha. Ukitaka ukurasa ujue mtu amebonyeza nini ndani ya katuni, lazima utafute mjumbe. Kulikuwa na fscommand, iliyoita fankisheni ya JavaScript yenye jina la katuni yako na mkia wa DoFSCommand. Internet Explorer iliitikia, ila kwa kupitia VBScript kwanza. Netscape ilikuwa na daraja lake, na toleo la 6 likaja bila daraja hilo. Basi sisi tulishika getURL: taja faili, taja jina la fremu, maliza.

Mteja mmoja alitaka ramani ya wakimbiaji wa huku kwetu. Ukibonyeza Iten, picha ya mji itokee fremu ya kushoto na habari zake fremu ya chini. Kapsabet vivyo hivyo, na Kaptagat, na Eldoret yenyewe. Mbonyezo mmoja, fremu mbili. Nikaandika getURL mbili, moja chini ya nyingine, nikajiona fundi. Nikabonyeza Iten. Habari zikaja, picha haikuja. Nikageuza mpangilio: picha ikaja, habari zikapotea. Siku mbili nilikaa hapo, na mteja alikuwa ametupa hadi Ijumaa.

Mwalimu akaja na chai yake, akaangalia, akaniuliza, “Kijana, ukimwambia boda aende Langas, na kabla hajakanyaga pedali umwambie aende Huruma, atafika wapi?”

“Huruma.”

“Sasa unalaumu baiskeli ya nini?”

Ndivyo ilivyokuwa kweli. Amri mbili za getURL zikifuatana papo hapo, ya pili iliimeza ya kwanza. Dawa ilikuwa kumpa boda karatasi moja yenye safari zote mbili: getURL moja tu, inayoita fankisheni iliyoandikwa katika ukurasa mama, na fankisheni hiyo ndiyo ibadilishe fremu ya kushoto na ya chini. Tuliiita tumaBoda. Alhamisi usiku ramani ikajibu. Mteja alilipa nusu, hiyo nyingine naingoja hadi leo.

Mwaka 2005 Flash 8 ilileta ExternalInterface, na katuni na ukurasa wakaanza kuzungumza bila mizungu. Tulifurahi, ingawa kusema kweli nilipenda zaidi ile karatasi ya boda.

Halafu ikaja Januari 2008. Waliokuwa Eldoret siku zile hawahitaji nieleze. Mwalimu aliondoka na familia yake alfajiri, ndani ya lori, na hakurudi. Aliniachia sidii moja. Saiba ikawa duka la viatu.

Adobe, waliokuwa wamewanunua Macromedia, waliacha kuitunza Flash tarehe 31 Desemba 2020, na siku kumi na mbili baadaye ikakataa kabisa kufungua chochote. Fremu za aina ile nazo zilikuwa zimeshaachwa nje ya HTML5. Mwaka jana nilijaribu ile sidii kwa Ruffle, programu inayoiga Flash. Ramani ikawaka. Barabara ya Iten ikajichora polepole kama zamani. Nikabonyeza. Kimya. Katuni ilikuwepo, lakini kurasa zake zilibaki kwenye kompyuta ambayo sijui ilienda wapi. Nilipofungua msimbo nikaliona neno limeandikwa palepale: parent.tumaBoda(2). Lilikuwa likiita miaka yote hiyo, bila wa kuitika.

Nikatafuta namba yake kwa watu watatu. Yuko Nakuru, sauti imekuwa nzito kidogo. Nilimsalimia, nikasita, nikamwambia nataka kuiandika upya ile fankisheni na sikumbuki faili zilivyopangwa.

Akanyamaza kidogo. “Mbili ilikuwa Iten,” akasema. “Kapsabet ilikuwa tatu. Una kalamu?”