Ulimwengu wa mihimili mingi: Mataifa madogo yana nafasi gani?

Ulimwengu wenye mihimili mingi ni ule ambao hakuna taifa moja, wala mawili, yanayoweza kuamua peke yake mwenendo wa siasa, biashara na usalama wa dunia. Nguvu hizo hugawanyika miongoni mwa mataifa kadhaa makubwa, kila moja likiwa na marafiki, masoko na majeshi yake.

Wataalamu wa uhusiano wa kimataifa huutofautisha mfumo huu na mingine miwili. Upo ule wa mihimili miwili, ambapo mataifa makuu mawili hushindana, na upo ule wa mhimili mmoja, ambapo taifa moja huwa halina mshindani wa kutoshana naye nguvu.

Dunia imeionja mifumo yote mitatu katika muda usiotimia karne moja. Kila mara mambo yalipobadilika, nchi za Afrika zilijikuta zikitafuta upya mahali pa kusimama.

Kutoka wawili hadi mmoja

Vita vya Pili vya Dunia vilipomalizika mwaka wa 1945, Marekani na Muungano wa Sovieti ndiyo mataifa yaliyobaki na nguvu za kuwaongoza wengine. Marekani na washirika wake waliunda muungano wa kijeshi wa NATO mnamo 1949, nao Wasovieti wakaujibu kwa Mkataba wa Warsaw mnamo 1955. Ushindani huo ulioitwa Vita Baridi ulidumu zaidi ya miaka 40.

Nchi changa zilijaribu kuutumia ushindani huo kwa manufaa yao. Mathalani, nchi za Magharibi na Benki ya Dunia zilipokataa kugharimia reli ya kuiunganisha Zambia na bandari ya Dar es Salaam, serikali za Mwalimu Julius Nyerere na Kenneth Kaunda ziliigeukia China. Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860, ilijengwa kati ya 1970 na 1975.

Muungano wa Sovieti ulisambaratika Desemba 1991, na Marekani ikabaki bila mpinzani. Kenya iliyahisi mabadiliko hayo hata kabla ya mwaka huo kuisha. Novemba 1991 wafadhili waliokutana Paris walisitisha misaada mipya kwa serikali ya Rais Daniel arap Moi, wakidai mageuzi ya kisiasa na kiuchumi. Desemba hiyo hiyo, Kifungu cha 2A cha katiba, kilichoifanya Kenya kuwa nchi ya chama kimoja, kiliondolewa.

Wafadhili hao hawakuwa wageni katika utawala wa chama kimoja. Waliuvumilia kwa miaka mingi maadamu Kenya ilisimama upande wao katika Vita Baridi. Aidha, mageuzi hayo yalikuwa yamepiganiwa na Wakenya wenyewe, na baadhi yao walitiwa kizuizini kwa ajili hiyo. Hata hivyo, haiwezi kukanushwa kwamba serikali isiyokuwa na mlango mwingine wa kubisha ilisalimu amri upesi.

Mhimili mmoja walegea

Nguvu za Marekani hazikuporomoka. Kilichotokea ni kwamba mataifa mengine yalikua, huku imani kwa uongozi wake ikipungua. Mwaka wa 2003 Marekani na Uingereza ziliivamia Iraq bila idhini ya wazi ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa. Miaka mitano baadaye, msukosuko mkubwa wa kifedha ulioanzia katika mabenki ya Marekani uliitikisa dunia nzima.

Wakati huo China ilikuwa ikipanda ngazi. Ilijiunga na Shirika la Biashara Duniani Desemba 2001, na kufikia 2010 ilikuwa imeipiku Japani na kuwa ya pili kwa ukubwa wa uchumi duniani. India nayo ilikua kwa kasi, huku Urusi ikirudi kudai nafasi yake kwa nguvu za silaha, mafuta na gesi. Uturuki, Brazil na nchi za Ghuba zikaanza kuwa na sauti zao wenyewe.

Dalili iliyo wazi zaidi ya mabadiliko hayo ni kundi la BRICS. Jina la awali, BRIC, lilibuniwa mwaka wa 2001 na Jim O'Neill, mwanauchumi wa benki ya Goldman Sachs, akiziorodhesha Brazil, Urusi, India na China kuwa nchi za kutazamwa na wawekezaji. Viongozi wa nchi hizo walifanya kongamano lao la kwanza mjini Yekaterinburg, Urusi, mnamo 2009. Afrika Kusini ilihudhuria kama mwanachama kwa mara ya kwanza mnamo 2011. Misri, Ethiopia, Iran na Milki za Kiarabu zilijiunga mnamo 2024, na Indonesia mnamo 2025.

Lalama kuu ya nchi hizo ni kwamba taasisi za fedha za dunia zingali zinafuata mizani ya 1944, zilipobuniwa. Katika Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, maamuzi makubwa zaidi huhitaji asilimia 85 ya kura, ilhali Marekani pekee ina zaidi ya asilimia 15. Maana yake ni kwamba inaweza kuyazuia bila kumwomba yeyote msaada. Kwa sababu hiyo BRICS ilikubaliana mnamo 2014 kuanzisha benki yake ya maendeleo, ambayo makao yake yako Shanghai.

Hata hivyo, kundi hilo si jeshi moja. India na China zina mzozo wa mpaka ambao mwezi Juni 2020 ulisababisha vifo vya wanajeshi 20 wa India katika bonde la Galwan. Isitoshe, dola ya Marekani ingali sarafu inayowekwa akiba kwa wingi zaidi na benki kuu za dunia, ingawa sehemu yake imepungua tangu mwanzo wa karne hii.

Afrika katikati

Mnamo Machi 2, 2022, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipiga kura kulaani uvamizi wa Urusi nchini Ukraine. Nchi 141 ziliunga mkono, 5 zikapinga na 35 zikajizuia kupiga kura. Kenya na Rwanda ziliunga mkono, ilhali Tanzania, Uganda na Burundi zilijizuia. Majirani wa jumuiya moja walikuwa wamesoma dunia moja kwa macho tofauti.

Nchini Djibouti, taifa dogo lililo kwenye mlango wa Bahari ya Shamu, Marekani, Ufaransa na Japani zina kambi za kijeshi. China nayo ilifungua ya kwake mnamo 2017, ikiwa kambi yake ya kwanza ng'ambo.

Kenya pia imejifunza kutembea na pande zote. Juni 2024 Marekani iliitambua kuwa mshirika wake mkuu asiye mwanachama wa NATO, ya kwanza kusini mwa Sahara. Aprili 2025 Rais William Ruto alikuwa Beijing akiinua daraja la uhusiano na China. Mwaka huo huo serikali ilibadilisha mikopo ya China iliyojenga reli ya kisasa kutoka dola hadi yuan ili kupunguza mzigo wa riba.

Reli hiyo yenyewe inatoa funzo. Kipande cha Mombasa hadi Nairobi kilizinduliwa Mei 31, 2017, lakini Wakenya wanaolipa deni lake walingoja hadi Novemba 2022 ndipo sehemu ya mikataba ilipotolewa hadharani. Mkopeshaji mpya hakuuliza kuhusu uchaguzi wala katiba. Vilevile, hakuuliza kama mwananchi ameusoma mkataba.

Funzo la Malindi

Kwa watu wa pwani, mambo haya si mageni. Vasco da Gama alipofika mwaka wa 1498, mtawala wa Malindi alimkaribisha kwa kuwa alitafuta mshirika dhidi ya Mombasa, hasimu wake. Mwaka wa 1505 Wareno waliiteketeza Mombasa, na Malindi ikaonekana kuwa imechagua vyema.

Lakini ilipofika 1593 Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu mjini Mombasa na kuhamishia makao yao huko. Mtawala wa Malindi alikabidhiwa kiti cha Mombasa, huku mji wa Malindi ukififia. Aliyenufaika na urafiki huo alikuwa mtawala. Wenyeji waliachwa na magofu.

Hilo ndilo swali ambalo ulimwengu wa mihimili mingi unaziuliza nchi ndogo. Milango ya kubisha imeongezeka, na serikali inayokataliwa Washington inaweza kusikizwa Beijing, Moscow, Ankara au Abu Dhabi. Uhuru huo wa kuchagua ni wa thamani, lakini ni wa serikali kwanza. Shinikizo la nje lililosaidia kuleta vyama vingi mnamo 1991 haliwezi kutarajiwa tena kwa nguvu zile zile.

Kazi ya kuuliza mkopo ni wa kiasi gani, riba ni ngapi na nani atafaidika imebaki mikononi mwa mabunge, mahakama, vyombo vya habari na wananchi wenyewe. Wahenga walinena kwamba wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Fahali sasa wamezidi wawili, na si wote wanaokuja kupigana. Wengine wanakuja kulisha.