Mgongano wa porti

Mgongano wa porti ni hali inayotokea pale programu mbili au zaidi za kompyuta zinapowania porti moja ya mtandao kwa wakati mmoja, na matokeo yakategemea ni ipi iliyotangulia. Porti ni namba kati ya 0 na 65535 inayouwezesha mfumo endeshi kujua data inayoingia ni ya programu ipi. Kosa la kawaida ni kukagua kwanza kama porti, tuseme 8080, iko wazi, kisha kuichukua baadaye. Katika pengo hilo, hata likiwa la sehemu ndogo ya sekunde, programu nyingine huweza kuitwaa, na ya kwanza ikarudishiwa hitilafu EADDRINUSE, yaani anwani inatumika. Tiba yake ni kuichukua porti moja kwa moja kwa wito wa bind, ambao hukagua na kutwaa kwa hatua moja, na kujaribu nyingine ukikataliwa. Pasipohitajika namba mahususi, programu huomba porti 0, na mfumo endeshi huichagulia iliyo wazi. Kuiachia porti hiyo ili programu nyingine iichukue hurejesha mgongano uleule. Kwa hiyo kinachopaswa kurithishwa ni soketi, yaani ncha ya mawasiliano iliyokwisha kufunguliwa, wala si namba peke yake.