Marie Tharp na Ufa wa Bahari ya Atlantiki

Tangu zama za kale mabaharia walijua kina cha bahari kwa kutia bildi: risasi nzito ilifungwa kwenye kamba, ikashushwa mpaka ikagusa chini, kisha kamba ikahesabiwa pima kwa pima ilipovutwa juu. Maarifa hayo yalimtosha nahodha aliyeogopa miamba na mafungu karibu na pwani, lakini hayakumfaa mtu aliyetaka kujua umbo la nchi iliyofunikwa na bahari kuu, maana huko kipimo kimoja kilikula saa nyingi, na baina ya kipimo na kipimo palikuwa na masafa makubwa yasiyojulikana kabisa. Merikebu ya Kiingereza iliyoitwa Challenger, katika safari yake ya 1872 hata 1876, ilitambua kuwa katikati ya Atlantiki pana mwinuko; walakini sura ya mwinuko huo ilibaki gizani.

Aliyeitoa gizani ni Marie Tharp, Mmarekani aliyezaliwa 1920 katika jimbo la Michigan, binti wa mpima udongo wa serikali aliyehamahama na jamaa yake jimbo hata jimbo akichora ramani za mashamba. Mlango wa elimu ya miamba ulimfungukia wakati wa Vita Vikuu vya Pili, wanaume walipokwenda vitani na Chuo Kikuu cha Michigan kikaridhia kuwapokea wanawake katika somo hilo. Mwaka 1948 aliajiriwa na Chuo Kikuu cha Columbia, New York, akafanya kazi pamoja na Bruce Heezen, ambaye alisafiri baharini kukusanya vipimo, ilhali Tharp alibaki nchi kavu, kwa kuwa wanawake hawakuruhusiwa kupanda merikebu za utafiti. Yeye hakupata safari ya namna hiyo mpaka 1968. Bahari aliyoichora aliijua kwa hesabu tu, na kwa rai yangu jambo hilo laizidisha hadhi ya kazi yake.

Hesabu zenyewe zilitokana na mwangwi. Sauti hupita majini takriban mita 1,500 kwa sekunde, basi mwangwi uliochukua sekunde 6 kwenda na kurudi huarifu kina cha mita 4,500 hivi. Kwa vipimo vingi mno vya namna hiyo Tharp alichora kwa kalamu na wino, nukta baada ya nukta, mikato sita ya Atlantiki ya kaskazini kutoka ng'ambo hata ng'ambo, na mwaka 1952 akaipanga mmoja chini ya mwingine akaitazama. Vilele vya milima ya mwinuko ule havikuwiana sana mkato kwa mkato. Kilichowiana ni bonde lenye umbo la herufi V, lililopasua uti wa safu ya milima karibu mahali pale pale katika kila mkato.

Bonde hilo lilimaanisha kuwa sakafu ya bahari yapasuka na kutanuka, na kunena hivyo kulikuwa karibu sawa na kumkiri Alfred Wegener, Mjerumani aliyetangaza mwaka 1912 kuwa mabara huhama, na ambaye wanazuoni wengi wa Marekani walimpinga kwa ukali. Heezen aliyapuuza maneno ya mwenzake akayaita mazungumzo ya wasichana. Neno hilo halikuwa la insafu, na hoja yenyewe iliamuliwa na kazi ya mtu wa tatu. Howard Foster, kijana kiziwi aliyesomea uchoraji, alikuwa akitia ramanini vitovu vya zilzala za baharini, kwa sababu wenye nyaya za simu walitaka kujua mahali pa hatari. Ramani yake ilikuwa ya kipimo kile kile cha Tharp. Zilipowekwa pamoja juu ya meza ya kioo yenye taa chini yake, nukta za zilzala ziliangukia ndani ya bonde, zikafuatana nalo kaskazini na kusini.

Hapo ndipo Afrika Mashariki ilipoingia katika shauri hilo. Mwaka 1893 mwanazuoni wa miamba J. W. Gregory alikuwa amefika Baringo, akaeleza kuwa Bonde la Ufa halikuchimbwa na mito, bali ardhi yake ilididimia baina ya nyufa mbili zilizoandamana. Mikato ya bonde hilo ilipolinganishwa na ile ya Atlantiki ilifanana mno, na mstari wa zilzala, ukifuatwa katika Bahari ya Hindi, ulipita Ghuba ya Aden ukaungana na nyufa za bara letu. Mtu wa Naivasha hukanyaga kwa miguu yake nchi ya jinsi moja na ile iliyokuwa imefichwa na maji yote yale.

Habari ilitangazwa 1956 kwa majina ya Maurice Ewing, mkuu wao wa kazi, na Heezen; la Tharp halikutajwa. Jacques Cousteau, mpelelezi wa bahari wa Kifaransa aliyekuwa na shaka, aliburura kamera chini ya merikebu yake Calypso, na mwaka 1959 akaonyesha New York filamu ya bonde lenyewe. Elimu ya mabamba ya gamba la dunia ikajengwa juu ya msingi huo katika miaka ya 1960. Ramani ya sakafu ya bahari zote, iliyopakwa rangi na Heinrich Berann wa Austria, ilitoka 1977, mwaka aliofariki Heezen, na safari hii jina la Tharp liliandikwa pamoja na lake.